Mcheza Kwao Hutunzwa, au Hufukuzwa?



Katika kigango kimoja cha uwanda huu wetu wa kati, ambacho hatutakitaja jina kwa heshima ya pande zote mbili, kijana mmoja aliombwa na katekista wake achore vituo kumi na vinne vya Njia ya Msalaba ndani ya kanisa jipya la matofali ya kuchoma. Kigango hakikuwa na fedha za kununua rangi za dukani. Kijana akachimba udongo mwekundu, akasaga mkaa, akachekecha majivu, akavichanganya na gundi ya miti, akachora kwa muda wa majuma sita bila malipo yoyote. Alipomaliza, Simoni wa Kirene alikuwa mchungaji wa ng'ombe aliyejifunga mgolole. Akina mama wa Yerusalemu walikuwa wamejitwika ndoo za maji wakitoka kisimani. Na Bwana wetu alikuwa ameanguka mara ya tatu katika njia ya vumbi, chini ya mbuyu.

Baadhi ya waamini walipoiona kazi ile walitokwa na machozi. Wengine walikasirika. Jumamosi moja, Paroko akiwa safarini, kuta zote zilipakwa chokaa. Mchoraji hakuambiwa. Alizikuta nyeupe Jumapili asubuhi, alipofika na zeze lake ili aongoze zaburi kama alivyozoea. Naye akaambiwa mlangoni kwamba zeze hilo lisiingie tena kanisani, wala yeye asisimame mbele ya kwaya mpaka atakapozikata nywele zake ndefu. Kuanzia siku hiyo maneno yakaenea kijijini: anavuta bangi, anakwenda kwa waganga, ameikana imani. Hakuna aliyeleta ushahidi wa lolote kati ya hayo. Leo kijana yule anachora mabango ya mabucha na saluni mjini Dodoma, na katika Misa haonekani.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani tulikwenda kuzisikiliza pande zote. Wapo waliotuuliza kwa mshangao: "Je, ninyi mnaoshughulikia migogoro ya ardhi, mirathi ya wajane na mahabusu wasiofikishwa mahakamani, mnatafuta nini katika habari ya picha na nywele?" Jibu letu ni kwamba tunatafuta kitu kilekile. Mtu amehukumiwa pasipo kusikilizwa, kazi ya mikono yake imeharibiwa, na jina lake limechafuliwa. Kama hayo yangetendwa na afisa wa serikali, sote tungeyaita dhuluma. Yakitendwa na sisi wenyewe, ndani ya nyumba ya Mungu, hayawezi kuwa na jina jingine.

HOFU YA WAZEE ISIDHARAULIWE

Hata hivyo, hatukwenda kuwahukumu wazee wa kigango, na tulipowasikiliza tulijifunza. Mmoja wao, mtu wa sala na mwenye kuheshimika, alitueleza kwamba baba yake alikuwa mpiga zeze aliyejulikana katika vijiji vingi. Siku ya kuamkia ubatizo wake alilivunja zeze lile kwa mikono yake mwenyewe, akalichoma moto, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Hakupiga tena hadi kufa kwake. Mzee alitutazama, akasema: "Ikiwa leo zeze linaingia kanisani na kupokewa kwa vigelegele, basi niambieni, baba yangu alilivunja la nini?"

Swali hilo si jepesi, na tutalirudia. Ni kweli kwamba katika Ugogo, kama katika sehemu nyingi za Afrika, wamisionari wengi, Wakatoliki kwa Waprotestanti, waliiona ngoma kuwa ni mlango wa upagani. Wakristo wa kwanza waliitii sauti hiyo kwa gharama kubwa. Waliacha nyimbo za mavuno, wakaacha ngoma za usiku, wakachekwa na ndugu zao. Mtu aliyelipa gharama kama hiyo ana haki ya kuuliza anapoona kile alichokiacha kikirudi.

Tena, hofu yao ina msingi mwingine. Ngoma haikuwa sauti tupu. Muheme, ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huipiga wakiwa wameibana kwa mapaja, ilifungamana na mila za kuwaingiza wasichana utu uzima, na baadhi ya mila hizo zilimwaga damu yao. Taifa letu lilitunga mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo imefanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Na sisi wa mkoa huu tunafahamu vizuri kwa nini sheria hiyo ilihitajika. Wimbo unaosifu kumkata mtoto wa kike haupati utakatifu kwa sababu umeimbwa na babu zetu. Mzee anayesema kwamba si kila cha jadi kinafaa kupelekwa altareni anasema kweli.

Lakini tazameni kipimo kilichotumika hapo. Wimbo huo tunaukataa kwa sababu unamjeruhi mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, wala si kwa sababu masikio yetu hayakuuzoea. Sasa tujiulize: Simoni wa Kirene aliyevaa mgolole amemjeruhi nani? Zeze linaloongoza zaburi limemdhulumu nani? Nywele ndefu zimevunja amri ipi kati ya zile kumi? Tukishindwa kujibu, tukubali kwamba tulichokiadhibu ni ugeni tu. Na ugeni si dhambi.

KANISA LIMEFUNDISHA NINI

Wapo wanaodhani kwamba wanapokataa lililo geni wanailinda mapokeo ya Kanisa. Ni vema basi tukayatazama mapokeo yenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba Kanisa halikuchagua mtindo mmoja wa sanaa na kuufanya kuwa wake peke yake, bali limepokea mitindo ya kila zama na ya kila taifa, mradi iitumikie nyumba ya Mungu kwa heshima inayostahili. Hati hiyohiyo iliagiza kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Iliagiza pia kwamba katika kuzipima kazi za sanaa, Askofu asikilize tume ya sanaa takatifu ya jimbo na, ikibidi, wataalamu wengine. Na kwamba kazi zenye thamani zilindwe zisipotee. Ikiwa Askofu mwenyewe ameelekezwa kusikiliza kwanza, sisi wa kigango tulipata wapi mamlaka ya kupaka chokaa usiku?

Mwezi Mei 1964, Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwakusanya wasanii katika Kikanisa cha Sistina, akakiri mbele yao kwamba watu wa Kanisa nao waliwaumiza wasanii, akawaomba msamaha. Miaka mitano baadaye, mwezi Julai 1969, Baba huyohuyo alifika Kampala, akawaambia Maaskofu wa Afrika kwamba wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili, akihitimisha kazi ya Sinodi ya Afrika, aliuhesabu utamadunisho kuwa miongoni mwa mambo ya lazima kabisa katika kuieneza Injili barani mwetu.

Wala mafundisho haya hayakubaki katika karatasi. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alithubutu katika miaka ya 1950 kujenga kanisa lililofuata umbo la nyumba ya mtemi wa Kisukuma, na akazipokea ngoma za Wasukuma katika sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alitunga Misa Baba Yetu kwa sauti za kwetu, na mwaka 1963 akachapisha kitabu cha kitaalamu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora ukutani mwa kanisa kuu la Waanglikana huko Murang'a, Kenya, maisha ya Bwana wetu yakitendeka kati ya watu weusi na milima ya Kiafrika. Nyakati zile kazi hizo zilikuwa mambo mapya, na mapya mara nyingi huwakwaza wengi. Leo wageni husafiri kutoka mbali kwenda kuzitazama.

Hata Ulaya, ambako tulidhani kila picha takatifu ilipokewa kwa ubani, mambo hayakuwa hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 17, mchoraji Caravaggio alichora Kifo cha Bikira Maria kwa ajili ya kanisa la watawa Wakarmeli mjini Roma. Watawa waliikataa, maana Mama wa Mungu alionekana humo kama mwanamke wa kawaida aliyekufa, miguu peku, akiliwa na majonzi ya maskini wenzake. Picha hiyo leo imetundikwa katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Kanisa lililoiagiza halinayo.

WANAOTUNZWA NA WENGINE

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Lakini sisi wa uwanda wa kati tunaweza kujiuliza ni mara ngapi tumewatunza wachezaji wetu.

Hayati Hukwe Zawose alizaliwa Doboma, hapa Ugogoni. Kwa ilimba, zeze na sauti yake ya ajabu alilitumikia taifa, akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akapiga mbele ya umati wa watu Ulaya na Marekani, na santuri zake zikatolewa na kampuni za Uingereza. Alifariki mwezi Desemba 2003. Watu wa London walizijua sauti za Kigogo, na kuzilipia tiketi, katika miaka ileile ambayo katika baadhi ya vigango vyetu kijana aliyeshika zeze aliambiwa aliache nje pamoja na viatu vyenye matope.

Tumtazame pia dada yetu Rose Muhando, ambaye kabla ya kujulikana Afrika Mashariki nzima alikuwa mwalimu wa kwaya ya Chimuli katika Kanisa Anglikana hapa Dodoma. Uimbaji wake wa mwili mzima ulikuwa mbali sana na kwaya tuliyoizoea, ile ya kusimama wima na kushika daftari kifuani. Ndugu zetu Waanglikana waliompa nafasi ya kufundisha kwaya walitupa sisi sote somo: kipaji kilichopewa mlango hurudi na mavuno.

Na kama kuna anayesema kwamba kuchora kwa udongo ni jambo la kigeni kwetu, na apande hadi Kolo, wilayani Kondoa. Katika miamba ile kuna watu na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu za madini ya ardhi, na wazee wetu waliwakuta wako pale. Mwaka 2006 shirika la UNESCO liliitangaza michoro hiyo kuwa urithi wa dunia. Kijana wetu wa kigango, alipokwenda kuchimba udongo mwekundu, alifanya jambo ambalo ni la kale katika nchi hii kuliko kuta za makanisa yetu yote.

HAKI INADAI NINI

Hatusemi kwamba kila kinachochorwa lazima kitundikwe, au kwamba kila wimbo lazima uimbwe katika Misa. Jumuiya ina haki yake. Kanisa si ukumbi wa maonyesho ya mtu mmoja. Ni nyumba ya sala ya watu wote, pamoja na bibi kizee asiyeweza kusali mbele ya picha inayomsumbua moyo. Msanii naye ana wajibu wa kueleza kazi yake kwa unyenyekevu, kuisoma Liturujia anayotaka kuitumikia, na kukubali kuambiwa "hapana" bila kuligeuza neno hilo kuwa vita. Msanii anayewadharau waamini wa kawaida kuwa ni wajinga hajatofautiana sana na kiongozi anayemwita msanii mpagani.

Lakini katika kusema "hapana", haki inadai mambo matatu.

Kwanza, mtu asikilizwe kabla ya kuamuliwa. Halmashauri ikipata shaka juu ya kazi ya sanaa, imwite mwenye kazi, imuulize maana yake, imshirikishe Paroko, na pale inapobidi swali lipelekwe jimboni. Uamuzi utolewe mchana, kwa maneno, ukiwa na sababu zake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 18, inamlinda kila mtu katika uhuru wake wa maoni. Ingekuwa aibu Mkristo apate kusikilizwa zaidi mbele ya serikali kuliko mbele ya ndugu zake.

Pili, kazi isichanganywe na mtu. Halmashauri yaweza kuikataa picha, na bado mchoraji akabaki ndugu, mwanajumuiya, mwimbaji na mshiriki wa meza ya Bwana. Kumvua mtu huduma kwa sababu ya nywele, au kumzushia bangi na uganga kwa sababu picha yake haikupendeza, ni kumuua mara mbili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 220, inakataza kuharibu isivyo halali sifa njema ya mtu yeyote. Ulimi unaosengenya baada ya Misa unavunja kanuni hiyo, hata kama kifua kimevaa medali.

Tatu, mfanyakazi alipwe, na jina lake litajwe. Tumezoea kuwaambia fundi seremala na fundi mwashi bei yao, kisha tukamwambia mchoraji na mtunzi wa nyimbo, "Mungu atakulipa." Kwaya zinarekodi nyimbo, kanda na santuri zinauzwa, na aliyetunga hajui hata siku iliyorekodiwa. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Anayetoa kipaji chake bure kwa hiari ametoa sadaka. Anayenyang'anywa hakutoa sadaka, ameibiwa.

Tukumbuke kwamba katika kitabu cha Kutoka, Mungu alipotaka hema lake litengenezwe, alimwita Bezaleli kwa jina lake, akamjaza roho ya hekima kwa kazi za ustadi. Na Mfalme Daudi alipocheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Agano, Mikali mkewe alimdharau moyoni mwake akichungulia dirishani. Maandiko hayakumsifu aliyekuwa dirishani.

JIBU KWA MZEE WETU

Tunarudi sasa kwa mzee na swali lake, maana hatuna haki ya kulikwepa. Baba yake alilivunja zeze la nini?

Tulimjibu hivi. Ibrahimu alipanda mlimani pamoja na mwanawe Isaka akiwa tayari kumtoa, kisha akashuka naye akiwa hai. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Ibrahimu alipanda mlima bure kwa kuwa alirudishiwa mtoto. Moyo wake ulikwisha kuonekana. Baba yako naye alimpa Mungu kitu alichokipenda kuliko vyote, na sadaka yake imeandikwa. Zeze la kijana huyu haliifuti. Yawezekana ndilo lile lile, limerudishwa na Yule aliyelipokea.

Mzee hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akatuuliza kama kijana yule anajua kutengeneza zeze, au anajua kupiga tu.

Hatuwezi kuwaambia kwamba mambo yamekwisha. Kuta za kanisa lile bado ni nyeupe. Kijana tulimfikia mjini. Alitusikiliza kwa adabu, akasema atafikiri. Aliyefukuzwa hana deni la kurudi haraka ili sisi tutulie. Sisi ndio wenye deni: kwenda kwake, kumwomba radhi mbele ya watu walewale waliosikia akizushiwa, na kumlipa majuma yake sita. Halmashauri ya kigango imepokea mapendekezo hayo, na tunaiombea ujasiri wa kuyatimiza. Nanyi mnaosoma haya katika vigango vingine, msingoje mpaka chokaa inunuliwe.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika kigango chetu, je, yupo mwimbaji, mchongaji, mchoraji au mpiga ala aliyeacha kuja kwa sababu ya namna alivyotendewa? Nani kati yetu atakwenda kumtembelea juma hili?

2. Ni mambo gani ya jadi yetu tunayapaswa kuyakataa kwa kuwa yanamwumiza mtu, na ni yapi tunayakataa kwa mazoea tu?

3. Mara ya mwisho tulipokataa wazo la mtu kanisani, je, alisikilizwa kwanza? Aliambiwa sababu?

4. Watunzi wa nyimbo tunazoimba kila Jumapili, je, tunawajua kwa majina? Wamepata nini kutokana na kazi yao?